Sahani nyeupe au glasi?

Wadudu wa dimbwi la Jangwani, Dar es Salaam, nimewapiga picha kwa njia mbili. Kwenye sahani nyeupe lava (mtoto) wa kereng'ende hana pa kujificha. Simu ukiishika juu yake unapata mgongo na miguu sita, basi. Glasi ndiyo yenye mambo. Kwa ubavu unaona kiluwiluwi cha mbu wa Culex kikining'inia kichwa chini, mrija wa kupumulia ukigusa uso wa maji, ilhali cha mbu wa Anopheles hulala sambamba na uso huo. Ila glasi ya mviringo hupinda picha, heri chombo bapa. Jua la mchana la Dar huyapasha maji upesi, piga asubuhi. Na usiwaweke pamoja: lava wa kereng'ende atakula wenzake kabla hujafungua kamera.