Mawe ya AA: kwanza uliza kama litavuja

Mwezi uliopita mama alinipigia simu kutoka Tanga: mashine yake ya presha imekataa kuwaka. Nilipofika nikafungua kifuniko cha nyuma. Mawe mawili kati ya manne yalikuwa yametoboka kwa chini, uji wa kahawia umekaukia kwenye springi, na springi moja niliigusa kwa ukucha tu ikakatika. Mashine haijatimiza mwaka. Mawe yale nilinunua mimi mwenyewe, na mwenye duka aliniuzia kwa bei ya mawe ya alkali.

Ndiyo maana humu sitapanga betri kwa saa ngapi inawasha tochi. Jiwe likiisha unanunua jingine, lakini likivuja linaondoka na mashine yako.

Mliosoma kemia mtakumbuka zinki ikitumbukizwa kwenye asidi: mapovu yanatoka na chupa inapata joto. Nishati iliyokuwa ndani ya kemikali imeishia hewani. Ndani ya betri pia zinki inaachia elektroni, ila mpokeaji wake, manganizi oksaidi, ametengwa nayo. Elektroni hazina njia isipokuwa kuzunguka kwenye waya, na huko njiani ndiko zinakowasha balbu au kuendesha mashine ya mama. Kadiri unavyotumia, ndivyo zinki inavyoliwa.

Sasa lipasue jiwe la bei ya chini. Kopo lake ndiyo zinki yenyewe! Ukuta unaozuia kemikali zisitoke ndio huohuo unaoliwa ili upate umeme. Likikaribia kuisha, ukuta umebaki kama karatasi, na kilichomo ndani kinakula chuma kinachokutana nacho.

1. Eneloop za Panasonic. Napendelea hizi na sifichi. Ni za kuchaji, na ndani hamna zinki. Gesi inayozaliwa wakati wa kuchaji humezwa humohumo ndani, mradi chaja ni ya maana, ile inayochaji kila jiwe peke yake. Nimekaa nazo miaka sita kwenye rimoti, tochi na saa ya ukutani, na sijaona hata tone. Zilitolewa kwanza na Sanyo mwaka 2005, kampuni iliyokuja kununuliwa na Panasonic. Kabla ya hapo betri za kuchaji za aina hii ulikuwa ukiziweka kabatini miezi michache unazikuta tupu. Hizi mtengenezaji anasema zinabaki na asilimia 70 ya chaji baada ya miaka 10. Msitishwe na volti 1.2 iliyoandikwa. Jiwe la alkali huanza na 1.5 likashuka taratibu, na likifika katikati ya maisha yake nalo liko hapohapo kwenye 1.2. Eneloop inashikilia 1.2 karibu mpaka mwisho.

2. Lithiamu, zenye alama FR6. Nyepesi mkononi na hazivuji kirahisi. Energizer wanasema za kwao zinakaa miaka 20 zikihifadhiwa. Ziweke kwenye kifaa unachokigusa mara mbili kwa mwaka. Bei yake inauma, na ukizitumia zikaisha ndiyo basi, hazichajiwi.

3. Alkali, LR6. Hapa zinki ni unga uliokaa katikati na kopo ni la chuma, kwa hiyo ukuta hauliwi. Lakini hata kifaa kikiwa kimezimwa, zinki inaendelea polepole kutoa haidrojeni, presha inapanda, siku moja kizibo kinaachia. Ule unga mweupe mnaouona kwenye rimoti ni potasiamu haidroksaidi iliyotoka ikakutana na hewa. Ipanguse kwa siki au ndimu, usiishike kwa mkono mtupu. Na msichanganye jiwe jipya na la zamani: lenye nguvu linalisukuma dhaifu kinyumenyume, gesi inazidi, na hilo dhaifu ndilo linalovuja.

4. R6 za bei ya chini, zile zenye kopo la zinki. Saa ya ukutani tu, na uzitoe mapema.

Niseme na la wauzaji, maana hasira haijaniisha. Lile jiwe la mama lilikuwa limeandikwa "Heavy Duty" kwa herufi kubwa za dhahabu. Maneno hayo yanawekwa kwenye mawe ya zinki na kaboni, yaani hizi hizi namba nne! Chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, kulikuwa na R6. Herufi moja tu, L, ndiyo ingeniambia ukweli. Muuzaji alikuwa ameshatoa mawe kwenye kadi yake, anauza mojamoja, na mwisho wa matumizi ulikuwa kwenye ile kadi aliyoitupa. Mengine yalikuwa kwenye kioo cha mbele yanapigwa jua la mchana, na joto ndilo linaloharakisha kila kinachotokea humo ndani. Nilipomrudia akaniambia betri zote ni sawa, bahati yangu mbaya.

Siku hizi jiwe nalipima kwa kiganja kabla ya kulipa. Jiwe la alkali la AA lina kama gramu 23, la zinki na kaboni halifiki 20. Ukiyashika mawili, moja kila mkono, tofauti unaisikia. Mwenye duka akikukataza kushika, nenda duka la pili.

Springi ya mashine ya mama imeungwa na fundi kwa risasi, inapima tena. Ndani mna Eneloop nne.