Balbu ya Korido Iliyonitia Hasira

Miezi kadhaa iliyopita niliondoa balbu zote za zamani za nyuzi nyumbani nikaweka za LED, na wiki za mwanzo kila mgeni alilazimika kunisikiliza nikisimulia jinsi balbu ya wati 9 inavyotoa mwanga unaolingana na ule wa balbu ya nyuzi ya wati 60. Leo sina hamu ya kumsimulia mtu, na chanzo ni balbu moja tu ya kwenye korido.

Ilianza kwa kupepesa usiku mmoja, ikatulia, kisha ikafa kabisa. Boksi lake liliahidi saa 15,000, nami hata ningeiacha ikiwaka usiku na mchana, ingepaswa kufikisha siku 625.

Niliirudisha dukani pamoja na risiti. Muuzaji hakuigusa. Aliuliza, macho yakiwa kwenye simu, kama niliifungia ndani ya kifuniko cha kioo, na nilipokubali akajibu, "Basi umeipika mwenyewe," akamgeukia mteja mwingine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Fundi umeme aliyeifungua alinionyesha kuwa vijitaa vyenyewe vilikuwa vizima. Kilichoharibika ni kapasita, kile kijisehemu kinachohifadhi umeme kwa muda, iliyovimba katika sakiti iliyomo kwenye shingo ya balbu, kwa sababu joto, ambalo ni dogo kuliko la balbu za nyuzi lakini lipo, halikuwa na pa kutokea ndani ya kile kioo kilichozibwa pande zote. Onyo lilikuwepo kwenye boksi, kwa herufi ambazo hata mwenye macho ya mwewe angezipita. Lakini ikiwa muuzaji alilijua hilo, mbona siku ya kuniuzia aliuliza tu kama ninataka mwanga mweupe au wa njano?

Nilikusudia kuandika kwamba balbu hizi ni ulaghai, na bado nusu ya moyo wangu inasema hivyo. Hata hivyo, nyingine zote, zilizo kwenye holda za wazi, zinawaka bila kasoro, na kusema kweli sitarudi kwenye balbu za nyuzi. Kioo cha korido nimekiondoa, na balbu mpya nimeinunua kwa muuzaji mwingine, ambaye kabla ya kupokea pesa yangu aliniuliza ninakwenda kuifunga wapi.