Maktaba ya Schomburg pale mtaa wa Harlem, ukifika New York usipite hivi hivi

Nyota 5 kati ya 5. Panda treni namba 2 au 3 ushuke 135th Street, ukitoka tu stesheni umeshafika, na kuingia ni bure. Ni tawi la maktaba ya umma ya New York linalohusu historia ya watu weusi, na mzizi wake ni vitabu na nyaraka alizokusanya Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico, maktaba ikazichukua 1926 kwa dola 10,000.

Sasa kilichonishika mimi ni sakafu. Unaingia unakuta duara kubwa limechorwa chini, lina maandishi ya shairi la mito la Langston Hughes, mshairi Mmarekani mweusi, na chini ya duara hilo ndo yalipo majivu ya Langston mwenyewe, yaliwekwa 1991 na alikuwa amefariki tangu 1967. Shairi lile alilitunga akiwa kijana mdogo kabisa, treni inavuka mto Mississippi, na humo ndani anautaja Kongo, anautaja Nile. Mimi mtoto wa Mwanza jamani, Nile inatoka kwenye ziwa tulilokuwa tunachota maji, nilisimama pale nikavua kofia bila kuambiwa na mtu.

Halafu kuna michoro ya mchoraji mweusi Aaron Douglas ya 1934, paneli nne. Kaeni sana na ile ya mwisho. Katikati jamaa kasimama juu ya gurudumu kubwa la meno kainua saksafoni juu, nyuma yake kwa mbali kabisa sanamu ya Uhuru, kadogo kama kidole. Kulia mwingine anapanda mbio na mkoba mkononi, huku mikono ya kutisha inamfuata kutoka chini. Kushoto mwingine kajiinamia, kaishiwa, maana ni miaka ya mdororo wa uchumi na kazi hakuna. Yaani ndoto yote ya Wamarekani weusi iko pale, aliyekimbia utumwa wa mashambani, aliyefika mjini akapata sauti yake, na aliyefika akakuta mambo magumu, Douglas hakumficha hata mmoja.

Ndo maana huwa naumia watu wakisema ndoto za Wamarekani weusi wakaishia kwenye hotuba ya Martin Luther King ya 1963 tu, ile ya "nina ndoto". Miaka 12 kabla yake Langston alishauliza kwenye shairi lingine, ndoto ikicheleweshwa inakuwaje, inakauka kama zabibu juani au inalipuka? Lorraine Hansberry akalichukua swali hilo akaandika tamthilia ya familia ya Chicago inayotaka nyumba yake, 1959 ikaingia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, ya kwanza pale kuandikwa na mwanamke mweusi. Na ile familia ilitaka nyumba tu, yenye dirisha la kuweka kale kamaua ka mama.

Nendeni asubuhi kukiwa kumetulia. Mimi narudi mwezi ujao na mama, nataka asimame pale juu ya mito.