Piano yangu ya kwanza bado inanitosha? Nilipima kabla ya kununua nyingine

Kibao cha F kilicho juu kidogo ya C ya kati kilianza kugonga. Noti yenyewe ilitoka sawasawa, lakini chini yake ukasikika mlio mwingine, tak, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Mwanangu akaniambia, "Mama, piano yako inatafuna." Usiku huohuo nilikuwa nimeshafungua kurasa sita za piano mpya kwenye simu, na mkono unawasha.

Sikununua, na leo nafurahi. Nilichofanya ni kuchukua daftari na kuandika kila kero kwa muda wa wiki mbili, kabla sijaamua chochote. Nilitaka kujua zipi ni kero za piano, zipi ni za vitu vinavyoizunguka, na zipi ni zangu mwenyewe.

Nimekuwa na piano hii miaka minne. Aliyewahi kununua piano ya umeme ya mwanzo anaijua bila kutajiwa jina: vibao 88 vyenye uzito wa nyundo, sauti chache ambazo kati yake unatumia moja tu, spika mbili ndogo zilizotazama chini, na pedali nyepesi inayokimbia sakafuni kila ukiikanyaga kwa hasira. Nilijifunzia hapo tangu sijui tofauti ya shapu na flati. Sasa nasoma kwa mwalimu mwenye piano ya nyuzi, ile ya kusimama, na hapo ndipo maneno yalipoanzia. Kipande cha muziki kinachonyooka nyumbani kikifika kwake kinachechemea.

Kero ya kwanza kuondoka ilikuwa ile iliyonitisha. Fundi alifungua, akaonyesha utepe wa kitambaa kizito unaopokea kibao kinapotua. Chini ya F na majirani zake wawili ulikuwa umelika na kuwa mwembamba kama karatasi. Akabandika mwingine. Saa moja, kazi imekwisha. Ningebadilisha piano nzima kwa sababu ya kitambaa kisichozidi upana wa kidole.

Ya pili ilikuwa pedali. Hii naomba nikae nayo kidogo, maana wengi wanateswa nayo bila kujua. Ile inayokuja ndani ya boksi mara nyingi ni swichi tu: imewaka au imezima. Kwenye piano ya nyuzi, ukiinua mguu taratibu, vizuia sauti hushuka na kuzigusa nyuzi kidogokidogo, sauti inafifia badala ya kukatika. Wapiga piano huiita nusu pedali. Mwalimu alinilaumu mwaka mzima kwamba mguu wangu ni kama wa mtu anayeua mende, nami nikadhani nina mguu mbaya. Kumbe nilijifunza kwenye swichi. Nikasoma kitabu cha maelekezo, ukurasa ambao sikuwahi kuufikia, nikakuta piano yangu inapokea pedali ya nusu pedali kupitia tundu lilelile. Nikanunua pedali nzito peke yake. Kabla hujafikiria piano mpya, kausome ukurasa huo.

Sauti nayo niliiandika kwenye daftari mara saba: nyembamba, ya kopo, haina kifua. Kwanza niliitoa piano juu ya meza nikaiweka kwenye stendi iliyo wazi chini. Spika zilizotazama chini zilikuwa zinaimbia mbao za meza. Hapo ikafunguka. Kisha nikaazima hedifoni nzuri, nikashangaa: sauti iliyorekodiwa ndani ya piano ni pana kuliko spika zake zinavyoweza kutoa. Mwisho nikaiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB na kupigia programu ya piano. Mwanzoni noti zilichelewa, unabonyeza kisha unasubiri. Nikapunguza akiba ya sauti, yaani vipande vya sauti ambavyo kompyuta hukusanya kabla ya kuvitoa, hadi sampuli 128, ambazo kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde tatu, na ucheleweshaji sikuusikia tena. Sauti ikawa ya piano kubwa ya ukumbini, na vibao ni vilevile vya zamani.

Kuhusu idadi ya noti zinazoweza kulia kwa pamoja, ambayo matangazo huiweka mbele kwa herufi kubwa, 64 dhidi ya 256: mimi sijawahi kusikia noti ikipotea katika vipande ninavyopiga. Anayepiga vipande vizito huku pedali iko chini ukurasa mzima ataisikia. Mimi bado sijafika huko, na nisijidanganye.

Zilibaki kero tatu, zote za vidole: noti za upole zinazoruka, noti moja inaporudiwa haraka, na vibao vinavyokuwa vizito vidole vikiingia ndani.

Kompyuta ilinisaidia hapa bila mimi kutarajia. MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki vya umeme vinazungumza tangu 1983, hutuma namba kwa kila noti kulingana na kasi ya kibao kinavyoshuka, kuanzia 1 hadi 127. Nikafungua dirisha linaloonyesha namba hizo, nikapiga noti tano za mkono wa kulia kwa upole kadiri nilivyoweza, mara kumi mfululizo. Namba zikaruka: 34, 51, 29, 47, kisha noti moja haikutoka kabisa. Nikajua si masikio yanayonidanganya. Ila sikujua bado kama ni kibao au ni kidole, kwa hiyo nikazikariri noti hizo tano kama zilivyo.

Nilikwenda dukani na vitu viwili tu: hedifoni zangu na kompyuta yangu. Muuzaji, kijana mstaarabu, alianza kunionyesha taa, skrini na midundo ya ngoma. Nikamwambia, "Kaka, nisamehe, naomba unizimie spika." Akacheka, akaniachia kiti.

Piano ya tatu niliyokaa ilikuwa Roland FP-30X. Nikaunganisha waya, nikapiga noti zangu tano. 30, 33, 28, 35, 31. Nikarudia. Hazikuwa sawasawa, lakini zilikuwa familia moja, na hakuna iliyomezwa. Halafu nikajaribu noti moja kuirudia haraka kwa vidole vitatu, 3-2-1, 3-2-1, jambo ambalo nyumbani hutoa noti mbili kati ya tatu. Zikatoka zote.

Sababu yake si siri. Chini ya kila kibao kuna vihisio vinavyopima mwendo wake. Vikiwa viwili, kibao lazima kipande karibu hadi juu ndipo kiweze kulia tena. Vikiwa vitatu, kinaweza kulia tena kikiwa bado katikati ya safari. Piano za nyuzi za kulala zilipata uwezo huo Sébastien Érard alipobuni mtambo wake wa kurudia noti mwaka 1821, kwa hiyo tunachouziwa leo kama maajabu kina umri wa miaka mia mbili na zaidi. Piano yangu ina vihisio viwili. FP-30X ina vitatu, pamoja na kale kakizuizi kanakosikika kidoleni kibao kinapokaribia kutua, kama kwenye piano ya kulala.

Basi nikawa nimeamua? Hapana, nikasoma tena. Na hapa ndipo ningetaka msomaji asimame. Vibao vya FP-30X vinaitwa PHA-4 Standard. FP-10, ambayo ni ya ngazi ya chini kabisa katika ukoo huo, ina PHA-4 Standard vilevile. Unachoongezewa ukipanda ni spika (wati 11 mara mbili badala ya 6 mara mbili), noti 256 kwa pamoja badala ya 96, na sauti nyingi zaidi. Kwa Yamaha ilikuwa hivyohivyo: P-45 na P-125 zote zilikuwa na vibao vya GHS. Mtu aliyechoka na vibao vya P-45 akapanda hadi P-125 alipata spika bora na sauti zaidi, lakini vidole vyake vilirudi palepale. Kupanda ngazi moja ndani ya ukoo mmoja mara nyingi ni kubadilisha shati. Kabla ya kutoa pesa, tafuta jina la mtambo wa vibao, uandike pembeni jina la mtambo ulio nao. Yakiwa sawa, unanunua spika.

Kero ya mwisho sikuipatia dawa dukani. Ukipiga skeli (ngazi ya noti) ya E flati, vidole huingia ndani, katikati ya vibao vyeusi, na huko nyuma kibao ni kizito zaidi kwa sababu uko karibu na mhimili wake. Ni hesabu ya bembea: ukikaa karibu na katikati, humwinui mwenzako. Dawa yake ni kibao kirefu, na kibao kirefu hudai piano yenye kina kikubwa zaidi. Nilikaa kwenye moja ya aina hiyo, vibao vyeupe vya mbao, kilo 22. Tamu, sikatai. Nikapiga E flati nikatabasamu peke yangu. Halafu nikarudi kwenye kipande ninachojifunza sasa na sikuona tofauti ya kutosha.

Mwalimu nilimpelekea namba zote, za nyumbani na za dukani. Alizitazama, akavua miwani. "Upole wako hata huku kwangu unaruka," alisema. "Si hivi, lakini unaruka. Piano nyingine itakupunguzia nusu ya tatizo. Nusu iliyobaki ni ya kwako, dada." Iliniuma kidogo, kisha nikaona ni sawa, maana zile 30, 33, 28, 35 nazo hazikuwa mstari.

Uamuzi wangu, basi. Nanunua, lakini si ile niliyoitamani usiku wa kibao cha F. Nachukua FP-10. Ndiyo, kutoka piano ya mwanzo kwenda piano nyingine ya mwanzo, na muuzaji alinitazama kama nimepotea njia. Mimi napiga usiku, watu wamelala, hedifoni masikioni, sauti inatoka kwenye programu ya kompyuta. Spika za wati 22 ningekuwa nazipamba tu. Vihisio vitatu ndivyo ninavyovihitaji, na vimo humo. Kwa anayepiga mchana sebuleni, watu wanasikiliza, ningemwambia achukue FP-30X bila kusita. Na kwa ambaye piano yake tayari ina vihisio vitatu na kero zake ni pedali na sauti, ningemwambia abaki nayo, anunue pedali na hedifoni.

Ya zamani haiondoki. Mwanangu amebandika karatasi juu yake yenye jina lake kwa kalamu nyekundu, na anaipigia mdundo mmoja tangu Jumatatu. Stendi atabaki nayo yeye, maana ni ya skrubu na matundu hayalingani na piano mpya. Kwa hiyo nimeshapima ukuta wa pili, sentimita 130, na kabati la vitabu litasogea.