Uchambuzi wa Slay the Dragon: dokumentari ya Marekani kuhusu mipaka ya uchaguzi inayochorwa kwa hila

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tuna dokumentari ya kisiasa kutoka Marekani, Slay the Dragon, iliyoongozwa na Barak Goodman na Chris Durrance. Inakwenda kama saa moja na dakika arobaini. Si filamu mpya, lakini mwaka 2025 mambo inayoyasimulia yalirudi kwa kishindo. Texas ilichora upya mipaka ya maeneo ya uchaguzi katikati ya muongo, bila kungoja sensa, ili chama cha Republican kijiongezee viti vitano kwenye Kongresi, bunge la taifa. California ikajibu mapigo mwezi wa Novemba kwa kura ya maoni, wananchi wakapitisha ramani inayowapendelea Democratic, chama hasimu. Kama umesikia mabishano hayo kwenye taarifa ya habari ukabaki unajiuliza wanagombania nini hasa, anza na filamu hii.

Kwanza tuielewe hila yenyewe. Shika karatasi na kalamu, nitakwenda polepole.

Una wapiga kura 50. Thelathini ni wa chama cha kijani, ishirini ni wa zambarau. Unatakiwa uwagawe katika maeneo matano, kila eneo watu kumi. Kwa idadi yao, kijani walistahili viti vitatu. Sasa mpe kalamu mtu wa zambarau. Atachukua maeneo mawili, awarundike humo kijani tisa tisa, na kila eneo aweke zambarau mmoja tu. Kijani watashinda huko kwa shangwe kubwa, viti viwili. Wamebaki kijani 12. Hao atawatawanya wanne wanne kwenye maeneo matatu yaliyosalia, na kila eneo litakuwa na zambarau sita. Sita kwa nne, sita kwa nne, sita kwa nne. Zambarau wamechukua viti vitatu kati ya vitano, wakati watu wao ni 20 kati ya 50. Hakuna kura iliyoibwa, hakuna sanduku lililojazwa usiku, hakuna karani aliyehongwa. Kila mtu alipanga foleni na kura yake ikahesabiwa.

Simamisha video urudie hesabu hiyo kama hujaridhika, kwa sababu filamu nzima imesimama juu yake.

Kwa mtazamaji wa Kenya, kitakachokushangaza mapema ni nani anayeshika hiyo kalamu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 89, imeikabidhi tume ya uchaguzi, IEBC, kazi ya kupitia mipaka, na yenyewe imeweka vigezo vya idadi ya watu. Marekani, katika majimbo mengi, wanaochora ni wabunge wa bunge la jimbo wenyewe, kila baada ya sensa ya miaka kumi. Mbunge anakaa mbele ya kompyuta yenye takwimu za kila mtaa, akaamua mtaa upi anautaka na upi hautaki.

Filamu inaonyesha jinsi nafasi hiyo ilivyotumiwa mwaka 2010. Wanamikakati wa Republican walianzisha mradi ulioitwa REDMAP, wakamwaga takriban dola milioni 30 kwenye chaguzi za mabunge ya majimbo ambazo watu wengi hawazifuatilii, kwa sababu washindi wa mwaka ule ndio wangechora ramani ya miaka kumi. Chris Jankowski, aliyeuongoza mradi huo, anazungumza mbele ya kamera bila kuficha. Mahojiano yake ni kati ya vitu bora kabisa vya filamu hii. Hajitetei, hana hasira, anaeleza kazi iliyopangwa vizuri na ikafanikiwa. Mimi nilimsikiliza nikiwa nimekunja uso, lakini ndiye anayeifanya filamu iaminike kuliko mwanaharakati yeyote.

Matokeo yakoje? Angalia Michigan mwaka 2012. Obama alishinda jimbo lile kwa zaidi ya asilimia tisa. Wagombea wa Democratic wa Kongresi walipata kura nyingi kuliko wenzao. Katika viti 14 wakaambulia vitano. Au Wisconsin mwaka 2018: Democratic walipata takriban asilimia 53 ya kura za baraza la chini la jimbo, na viti 36 kati ya 99.

Kuna sehemu inahusu Flint, mji ule wa Michigan ambao watu wake walikunywa maji yenye madini ya risasi. Wengi wetu tuliisikia habari ile kama uzembe wa watu wa idara ya maji. Filamu inarudi nyuma zaidi. Mwaka 2012 wananchi wa Michigan walipiga kura kuikataa sheria iliyomruhusu gavana kuweka msimamizi wa dharura juu ya mji uliofilisika. Kabla mwaka haujaisha, bunge la jimbo likapitisha sheria nyingine inayofanana na ile, safari hii ikafungwa pamoja na fedha za bajeti ili wananchi wasiweze kuipigia tena kura ya maoni. Mwaka 2014, Flint ikiwa chini ya msimamizi wa namna hiyo, maji yakahamishiwa kwenye mto. Mbunge ambaye mipaka imemhakikishia kiti hana cha kuogopa, hata wananchi wakimwambia hapana. Sehemu hii iliniuma sana, na kama una dakika chache tu za kumwonyesha mtu kwa nini mipaka ni jambo la maisha, mwonyeshe hapa.

Sasa moyo wa filamu. Siku mbili baada ya uchaguzi wa 2016, kijana wa Michigan anayeitwa Katie Fahey aliandika Facebook kwamba angependa kupambana na huu uchoraji wa hila, na anayetaka kuungana naye amwambie. Akamaliza na alama ya tabasamu. Hakuwa mwanasiasa wala mwanasheria, kazi yake ilihusu urejelezaji wa taka. Kutoka hapo likazaliwa kundi la Voters Not Politicians. Walihitaji sahihi zaidi ya 315,000 ili hoja yao, ya kuwanyang'anya wabunge kalamu na kuipa tume huru ya wananchi, iingie kwenye karatasi ya kura, na walikusanya zaidi ya 425,000, kwa watu wa kujitolea. Utawaona wamesimama na fomu zao wakimsimamisha mpita njia mmoja baada ya mwingine. Kuna anayesikiliza, kuna anayepita kama hakusikia, na wao wanamgeukia wa nyuma yake. Wapinzani wakawapeleka mahakamani, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Michigan, wakapona kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Novemba 2018 hoja ikapita kwa asilimia 61.

Kasoro ninayo moja kubwa. Uzito wote wa filamu umewaangukia Republican. Kwa miaka ile ya 2010 wao ndio waliofanya kwa mapana zaidi, hilo sibishi. Lakini Maryland, Democratic walichora mwaka 2011 ili kumng'oa mbunge mmoja wa Republican, na wakamng'oa 2012. Kesi ya Maryland na ya North Carolina, ambako Republican ndio waliochora, ziliamuliwa pamoja Juni 2019, Mahakama ya Juu ya Marekani iliposema, tano kwa nne, kwamba mahakama za shirikisho haziwezi kuingilia uchoraji wa kuvipendelea vyama. Filamu ingeipa Maryland nafasi ya kutosha, mtazamaji wa Republican asingepata sababu ya kuizima. Na tazama California: wananchi wake ndio walioanzisha tume huru ya kuchora mipaka ya bunge la jimbo mwaka 2008, na 2010 wakaiongezea mipaka ya Kongresi. Hao hao 2025 wakaiweka ramani ya tume hiyo kando hadi baada ya sensa ya 2030. Naelewa walivyoona wamechokozwa. Bado nasema kalamu ikikaa mkononi mwa chama, chama chochote, itachora hivyo hivyo.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Tribeca, New York, Aprili 2019. Kumbi za sinema ilipangiwa Machi 2020, na mnajua Machi 2020 ilikuwaje. Kumbi zikafungwa kwa ajili ya corona, ikaishia mtandaoni mwezi wa Aprili. Nasikitika, kwa sababu wakati ule ulichaguliwa kwa makini: 2020 ulikuwa mwaka wa sensa, na wabunge waliochaguliwa mwaka ule ndio walioshika kalamu 2021. Dokumentari ya aina hii hufanya kazi yake kwenye ukumbi, taa zikiwashwa na watu wakaanza kuulizana maswali. Nafasi hiyo haikupata.

Ukimaliza kuitazama, ongezea haya ambayo filamu haikuyafikia. Tume ya Michigan ina watu 13: wanne Democratic, wanne Republican, watano wasio na chama. Ramani zao zilitumika 2022, Democratic wakashika mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa takriban miaka 40. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho ikakataa maeneo 13 ya Detroit na jirani zake kwa sababu rangi ya wapiga kura ilitumika isivyo halali kuyachora, ikabidi yachorwe upya. Mwaka 2024 Republican wakalirudisha baraza la chini. Kwangu hiyo ndiyo alama nzuri kuliko zote: viti vinapotea na kurudi kwa kura za watu.

Alama zangu ni nane kwa kumi. Tafuta mahali pa kuikodi mtandaoni, na kama Kiingereza cha haraka kinakusumbua washa maandishi ya chini, maana wanasheria humo wanakimbia.