Nasaba ya Courtauld kwenye Tovuti ya Kulipia: Tathmini ya Mwezi Mmoja

Nililipa ada ya mwezi mmoja katika tovuti inayotafutia watu nasaba zao za Uingereza, na ili kuipima nikachagua ukoo ambao habari zake tayari ninazijua: akina Courtauld, Wahugenoti (Waprotestanti wa Ufaransa) wa kisiwa cha Oléron, waliohamia London baada ya Mfalme Louis wa 14 kuifuta, mwaka 1685, Amri ya Nantes iliyowapa Waprotestanti uhuru wa kuabudu.

Kwa upande wa madaftari ya ubatizo na ndoa, sina la kulalamikia. Makarani wa Kiingereza waliyaandika majina ya Kifaransa kama masikio yao yalivyowaambia, kwa hiyo anayetafuta kwa tahajia moja tu hukwama mapema. Huduma hii hutafuta kwa matamshi pia, jambo lililoniokolea saa nyingi. Picha za kurasa ni safi, ingawa hufunguka polepole.

Udhaifu wake niliuona nilipofika kwa Louisa Perina Ogier, ambaye mchoro wa ukoo ulimtambulisha kwa neno moja tu, “mke”, pamoja na mwaka wa ndoa, 1749, na wa kifo, 1807. Huyu ndiye aliyeliendesha duka la vyombo vya madini ya fedha katika mtaa wa Cornhill, London, baada ya mumewe, Samuel Courtauld, kufariki mwaka 1765, akizigonga kazi zake kwa mhuri wake mwenyewe wenye umbo la uru, kama ilivyokuwa desturi kwa wajane wa ufundi huo. Isitoshe, watu wa kwao walikuwa wafumaji wa hariri wa Spitalfields, eneo la London, na mchoro unaofuata ubaba peke yake haumwonyeshi msomaji ni kwa nini mwanawe George aliacha ufuaji fedha akajifunza kazi ya hariri, wala ni vipi mjukuu wake, Samuel mwingine, alitajirika huko Essex kwa krepu nyeusi, kitambaa cha mavazi ya msiba. Bibi alikuwa mjane mwenye karakana. Mjukuu akapata mali kwa kuwavisha wajane.

Anayetaka tarehe na majina atapata thamani ya fedha yake, lakini anayetaka kujua watu hao waliishije atalazimika kutafuta kwingine. Niliwaandikia kuhusu Louisa, wakanijibu kwa adabu, siku ya tatu, kwamba sehemu ya kuandika kazi ya mtu kwenye mchoro hujazwa na mteja mwenyewe. Nikaijaza: mfua fedha.