Viatu vya Hija ya Miguu: Aina Tano kwa Mpangilio wa Kufaa

Mtu anayejiandaa kwa hija ya miguu ya mamia ya kilomita huwa na orodha ndefu ya vitu vya kununua, na mara nyingi hutumia muda mwingi kuchagua shanta kuliko kuchagua viatu. Mpangilio huo unapaswa kugeuzwa. Shanta isiyofaa itamuumiza mabega na bado atafika, lakini kiatu kisichofaa kinaweza kumrudisha nyumbani kabla ya nusu ya safari, kwa kuwa lengelenge moja lililopasuka na kuingia uchafu linatosha kumkwamisha hujaji aliyejiandaa mwaka mzima. Mwongozo huu umepanga aina tano za viatu kuanzia ile inayowafaa wengi hadi ile inayowafaa wachache, na msimamo wake ni kwamba kiatu chepesi, chenye nafasi mbele na kinachokauka upesi hukishinda kiatu kigumu na kizito karibu katika kila njia ya hija.

Nimesema karibu, kwa sababu jibu la mwisho hutolewa na ardhi. Njia ya Kifaransa ya Camino de Santiago, hija ya Kikristo yenye takriban kilomita 780 kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, nchini Ufaransa, hadi Santiago de Compostela, nchini Hispania, huanza kwa kuvuka milima ya Pyrenees katika kimo cha zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, kisha humpitisha hujaji siku nyingi katika uwanda wa Meseta, juu ya changarawe na udongo ulioshindiliwa. Mzunguko wa mahekalu 88 ya kisiwa cha Shikoku, nchini Japani, una takriban kilomita 1,200, na sehemu kubwa yake ni lami. Kutoka Najaf hadi Karbala, nchini Iraki, ni takriban kilomita 80 za barabara tambarare, na wanaokwenda Namugongo, Uganda, kwa ajili ya sikukuu ya mashahidi ya tarehe 3 Juni hutembea kwa sehemu kubwa kando ya barabara. Lami haina mawe ya kumtegua mtu kifundo. Taabu yake ni ugumu na joto, na zaidi ya hapo ni kwamba kila hatua hutua mahali palepale pa wayo, saa baada ya saa. Basi kabla ya kuingia dukani, mnunuzi ajue njia yake ina lami kiasi gani, mawe kiasi gani, na kama msimu aliouchagua ni wa mvua.

1. Raba za kukimbilia njia za udongo na milimani

Hizi ndizo chaguo la kwanza kwa hujaji wa kawaida. Zina soli yenye meno mafupi, kitambaa cha wavu upande wa juu, na mara nyingi ukingo mgumu mbele unaokinga vidole visijikwae. Jozi moja huwa na uzito wa gramu 500 hadi 700, ilhali jozi ya buti za ngozi hupita kilo moja kwa urahisi. Tofauti hiyo huonekana ndogo viatu vikishikwa mkononi, lakini uzito wa miguuni huinuliwa na kushushwa kwa kila hatua, na hukadiriwa kwamba humchosha mtu mara nne hadi sita kuliko uzito uleule ukiwa mgongoni. Anayetembea kilomita 25 kwa siku hupiga hatua zaidi ya elfu thelathini, na kesho yake huamka akaanza tena.

Faida ya pili inahusu unyevu. Ngozi yenye jasho hunata kwenye soksi kuliko ngozi kavu. Soksi inapoivuta ngozi ya juu upande mmoja, huku mfupa ulio ndani ukienda upande mwingine, tabaka za ngozi huachana, kisha maji hujaa katikati yake. Hivyo ndivyo lengelenge linavyozaliwa, na ndiyo maana kupunguza jasho ni kinga yenye nguvu kuliko plasta yoyote. Kitambaa cha wavu hupitisha hewa na kuutoa unyevu mguu ukiwa katika mwendo, na kikilowa kwa mvua au kwa kuvuka kijito hukauka baada ya saa chache za kutembea.

Udhaifu wa raba hizi ni kwamba hazidumu. Povu la soli ya kati hushindiliwa na kupoteza mnepo wake, kwa kawaida kati ya kilomita 500 na 800, na hilo hutokea hata kama meno ya soli ya chini bado yanaonekana mazima. Kwa safari ya urefu wa Camino jozi moja mpya inaweza kutosha, mradi isiwe imekwisha kutumiwa mno katika mazoezi. Anayekusudia Shikoku, au njia ya hija ya Via Francigena ya kutoka Canterbury, Uingereza, hadi Roma ambayo hukaribia kilomita 2,000, apange tangu mwanzo fedha za jozi mbili au tatu, na asihesabu gharama hiyo kama dharura.

Jambo moja la kuangalia kwenye raba, ambalo wauzaji wengi hulipitia juujuu, ni tofauti ya kimo kati ya kisigino na sehemu ya mbele ya soli. Baadhi ya raba huinua kisigino kwa milimita 10 au 12, na nyingine hukiacha sawasawa na vidole. Zile zilizolingana huupeleka mzigo kwenye kano ya kisigino na mashavu ya miguu. Si mbaya, na wapo wanaozisifu sana, lakini aliyezoea kisigino kilichoinuliwa asihamie huko wiki chache kabla ya kuondoka, kwani kano huchukua miezi kuzoea.

2. Viatu vifupi vya kutembelea milimani

Hivi huishia chini ya kifundo kama raba, ila soli yake ni ngumu zaidi na upande wa juu ni wa ngozi au kitambaa kizito. Hudumu kwa kilomita nyingi kuliko raba na huukinga vizuri wayo dhidi ya mawe yenye ncha. Ninavipendekeza mbele ya raba kwa watu wa namna mbili: mwenye mwili mzito au shanta inayozidi kilo 10, na anayepita sehemu ndefu za mawe. Gharama yake ni uzito wa ziada, joto, na siku kadhaa za kuvizoesha mguuni.

3. Raba za kukimbilia barabarani

Njia ikiwa ni lami karibu yote, raba hizi hupanda hadi nafasi ya kwanza, kwa kuwa povu lake nene ndilo linalopokea kishindo ambacho lami haikipokei. Watu wengi tayari wanazo, na kiatu ambacho mguu umeshakizoea kina thamani kuliko kiatu bora kisichojulikana. Kwenye tope na miteremko yenye changarawe huteleza vibaya, na kitambaa chake chepesi huchanika upesi kikikwaruzwa na mawe.

4. Buti

Watakaoshangaa kuona buti katika nafasi ya nne watakuwa wengi, kwa sababu picha ya msafiri wa masafa marefu imezoeleka akiwa amevaa buti. Hoja inayotolewa kila mara ni kwamba buti hukishika kifundo kisiteguke. Zipo buti ngumu zinazofanya hivyo kwa kiasi, lakini buti laini zinazouzwa zaidi madukani hupinda kwa urahisi upande wa kifundo. Mnunuzi anaweza kulithibitisha hilo mwenyewe kwa kuusukuma ukingo wa juu kwa vidole viwili. Kinachokishikilia kifundo hasa ni misuli na uwezo wa mguu wa kuhisi ardhi, na vyote viwili hujengwa kwa mazoezi ya kutembea mahali pasipo sawa.

Hoja ya pili ni kuzuia maji. Utando usiopitisha maji, kama ule wa Gore-Tex, hufanya kazi vizuri kwenye umande, kwenye nyasi zilizolowa na kwenye manyunyu mafupi. Mvua ya siku nzima ni habari nyingine, kwani maji hutiririka kwenye mguu na kuingia kwa juu, na yakishaingia utando uleule huyazuia kutoka. Buti iliyolowa ndani inaweza kuhitaji siku mbili ili ikauke, na hujaji hana siku mbili za kusubiri. Katika joto, jasho hukaa humo humo hata pasipo mvua. Kwa hiyo neno "haipitishi maji" kwenye lebo lisomwe kama sifa ya kiatu cha majira ya baridi, na nje ya majira hayo lisimfanye mtu aongeze bei.

Pamoja na hayo, buti zina mahali pake. Anayevuka milima penye theluji, anayetembea katika baridi kali, na yule ambaye kifundo chake kimewahi kuteguka mara kwa mara na daktari akamshauri avae kiatu kirefu, wote hao wazinunue bila kusita. Wazinunue mapema tu, kwa sababu buti za ngozi huhitaji wiki kadhaa za kuvaliwa kabla hazijaufuata umbo la mguu.

5. Sandali

Sandali zenye mikanda imara na soli nene zinaweza kumfikisha mtu mbali kwenye lami na katika joto, ikiwa miguu yake imekomaa kwa kuzivaa mwaka mzima. Kwa wengine ni hatari: mawe madogo huingia kila baada ya hatua chache, ngozi ya kisigino hupasuka kwa vumbi na ukavu, na jua huunguza sehemu ya juu ya mguu. Ndiyo maana zimewekwa mwisho kama kiatu kikuu.

Kama jozi ya pili, hata hivyo, ni za lazima. Nyumba nyingi za mahujaji hutaka viatu vya njia viachwe mlangoni, na mguu wenyewe unahitaji kupumua jioni. Kati ya kandambili nyepesi na sandali zenye mkanda wa nyuma, chukua zenye mkanda, ingawa huongeza gramu mia moja au mbili: siku ambayo kisigino kitakuwa kimechubuka, unaweza kuzivaa na soksi na kumaliza mwendo wa siku hiyo badala ya kulala njiani.

Kupima dukani

Hapa ndipo ununuzi huharibika au hufaulu, kwa aina yoyote kati ya hizo tano. Nenda mwisho wa siku, miguu ikiwa imevimba, kwa sababu katika hija itavimba zaidi ya hapo. Beba soksi utakazotembea nazo, ziwe za sufu laini au za nyuzi za viwandani. Za pamba hushika jasho na hazifai. Ukiweza, beba pia shanta yenye mzigo wake, kwani uzito huo huutandaza mguu ukarefuka na kupanuka.

Kabla hujavaa kiatu, toa soli ya ndani, iweke sakafuni na usimame juu yake, kisigino kikiwa mahali pake. Kidole kikifika ukingoni, au upande wa mguu ukimwagika nje ya soli, kiatu hicho ni chembamba au kifupi, na hakuna kuzoesha kutakakokipanua vya kutosha. Mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa watu wengine si kidole gumba, pabaki nafasi ya upana wa dole gumba la mkono. Hii kwa kawaida humaanisha kupanda nusu saizi au saizi nzima juu ya ile unayoivaa kila siku. Pima miguu yote miwili ukiwa umesimama, kisha nunua kwa kipimo cha mguu mkubwa. Mwanamke mwenye mguu mpana asione haya kujaribu rafu ya wanaume, ambako viatu vya urefu uleule mara nyingi huwa na upana zaidi.

Kisha funga kamba na utembee, ushuke ngazi au mteremko wowote uliopo dukani. Vidole vikigonga mbele, jaribu kwanza kukaza kamba kwenye matundu ya mwisho ya juu ili kisigino kibaki nyuma. Vikiendelea kugonga, kiache kiatu hicho, kwa kuwa kucha hugeuka nyeusi na kung'oka kwa migongano hiyo midogo inayorudiwa siku nzima. Kisigino kikipanda na kushuka sana ndani ya kiatu, nacho kitachubuka. Muuzaji akikuambia kwamba kitalegea au kitabana chenyewe baadaye, mshukuru na uombe jozi nyingine.

Wakati wa kununua

Miezi miwili kabla ya kuondoka ni muda mzuri. Vivae kwanza ndani ya nyumba, sakafu ikiwa safi, ili uweze kuvirudisha vikikataa, kisha vitembeze kilomita 50 hadi 100 kwa jumla, pamoja na angalau siku mbili ndefu zinazofuatana ukiwa na shanta. Siku ya pili ndiyo inayofichua mahali panapobana.

Ukipenda aina fulani ukataka kununua jozi mbili kwa pamoja, fanya hivyo kwa safari ya mwaka huohuo tu. Jihadhari pia na buti za bei ya kutupa zilizokaa ghalani miaka mingi: nyingi zina soli ya kati ya poliyurethani, aina ya plastiki ambayo hunyonya unyevu wa hewa na kuoza taratibu hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa, na hubomoka vipande vipande ndani ya siku chache za kwanza za kutembea. Muulize muuzaji mwaka wa kutengenezwa, au utafute tarehe iliyochapwa kwenye lebo iliyo chini ya ulimi wa kiatu. Asipoweza kukuonyesha, bonyeza soli ya kati kwa ukucha, na ikibaki na shimo au ikitoa unga, irudishe rafuni.